Bawabu wa Upande wa Kulia

Kabla hajanitajia jina lake, yule mwanamke aliniomba ninyamaze.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, amevaa kizibao cha vipokezi kilichombana kifua na makwapa. Mabega mapana, shingo fupi. Viganja vyake vilikuwa na sugu ngumu kuliko zangu, na mimi nimeshika sururu miaka ishirini na sita.

"Wewe ndiye msomaji?" akauliza.

"Ndiye mimi."

"Wanasema unaona vitu ambavyo ile mashine yenu, Ramani, haioni."

"Wanatia chumvi. Naona kimoja kimoja."

"Basi nisikilize, kaka. Uvimbe uko titi la kushoto. Kwapa la kushoto wafanye wanavyotaka, nimeshasaini. Lakini ukiona kitu kimevuka kuja kulia, nyamaza. Usimwambie daktari. Hata mimi usiniambie."

"Kwa nini?"

Akakunja ngumi ya kulia, akaniwekea mbele ya pua. "Mkono huu ndio unaoshika kamba. Wa kushoto unafuata tu."

Hapo nikamjua. Alikuwa Ndekusura Swai, fundi wa nyavu. Tangu barafu ya mlima iishe na mito ikauke, maji yote ya upande wetu yanatoka kwenye nyavu za ukungu zilizotandazwa juu ya msitu, kwenye milingoti ya mita arobaini. Ukungu unapita, nyavu zinaukamata, matone yanashuka kwenye bomba. Upepo ukichana wavu, lazima mtu apande. Walijaribu droni, zikalowa na kuanguka kama maembe mabovu. Mafundi wanaopanda ni kumi na mmoja tu, na huyu ndiye anayepanda milingoti ambayo wenzake wanaikwepa.

"Maji ninayooga unayaleta wewe," nikamwambia.

"Basi oga ukijua." Hakucheka. "Mwenzangu Eliaichi walimtoa tezi za kwapa, mkono ukavimba kama mgomba. Sasa anakaa stoo anatugawia kamba. Kila asubuhi ananipa kamba yangu haniangalii usoni. Mimi siwezi kuwa vile. Bora nife nikiwa juu."

"Kufa kwa ugonjwa huu si kufa juu, dada. Ni kufa kitandani."

"Nilikuomba unyamaze, sikukuomba mahubiri."

Sikumwahidi. Wala sikukataa, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu la siku ile.

*

Chumba cha kusomea kilikuwa ghala la kahawa zamani. Ukienda pembeni bado unaipata harufu ya maganda. Hakuna dirisha la nje, sakafu ni saruji, na mimi huingia miguu mitupu kwa sababu nilitoka kwenye mifereji ya maji, na mfereji hausomwi na mtu aliyevaa buti. Daktari Bhoke alinikataza mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akachoka.

Huyo Daktari Bhoke ndiye mpasuaji wetu. Ni Mkurya, mrefu, mkali, haamini kitu mpaka akishike. Ndiyo maana tunaelewana.

Saa nne asubuhi Ndekusura alilazwa chumba cha pili, kioo kikiwa kati yetu. Daktari alishamchora msalaba wa wino kwenye kwapa la kushoto, tayari kwa upasuaji wa mchana. Akamchoma sindano pembeni mwa uvimbe. Ndani ya lile tone kuna vijidudu vilivyofugwa maabara, vidogo kiasi kwamba elfu kumi vikipanga mstari havifiki upana wa ukucha. Vinawaka. Sisi tunaviita vimulimuli. Vinaogelea kule maji ya mwili yanakokwenda, na baada ya saa moja vinakufa. Vikiwa hai, kizibao kinaviona na kuvirusha ghalani kwa nuru, vimekuzwa mara thelathini.

Taa zikazimwa. Kifua cha Ndekusura kikajaza ghala.

Nimefanya kazi hii miaka tisa na bado sijaizoea. Kwanza palikuwa na nukta moja ya manjano, kimo cha kiuno changu. Nukta ikachanua. Nyuzi zikatoka ndani yake, nyembamba kama za buibui, zikaungana mbili mbili, zikawa nene kama kamba ya katani, zikapita juu ya kichwa changu na chini ya makwapa yangu, hata nikawa nimesimama katikati ya mito inayoelea. Na kila baada ya shubiri kulikuwa na lango: vijimlango viwili kama midomo, vinafunguka maji yakipita, vinafunga yasirudi. Nimejenga malango ya mbao, ya mawe na ya bati, na kila moja lilivuja. Haya hayavuji. Mwanamke mmoja ana maelfu yake, hajawahi kuyapaka mafuta, hajui hata kama yapo. Anapanda milingoti, anagombana na watu, analala, na ndani yake malango yanafunguka na kufunga, yanafunguka na kufunga.

Asiyejua atadhani ni damu. Sivyo. Damu ina moyo wa kuisukuma. Maji haya, limfu, hayana moyo. Yanasukumwa na pumzi na misuli tu, lango hadi lango, na njiani yanapita kwenye tezi. Tezi ya kwanza kupokea maji yanayotoka kwenye uvimbe ndiyo tunayoiita bawabu. Saratani ikitaka kusafiri, lazima ibishe hodi kwake kwanza. Daktari anamtoa bawabu huyo mmoja na kumchunguza. Akiwa safi, nyuma yake nako ni safi, mgonjwa anashonwa na kwenda nyumbani. Kwa hiyo kazi yote ni kumtaja bawabu wa kweli. Ukimtaja mwingine, utamkuta safi, mtapongezana, na ugonjwa unapita mlango wa pili huku mnapeana mikono.

Ndiyo maana waliniajiri. Niliacha shule darasa la tano, nikagawa maji ya mfereji wa ukoo mpaka mfereji ulipokauka. Hospitali ilipoleta Ramani, vijana wenye digrii waliingia ghalani wakaona taa nzuri. Mfanyakazi mmoja wa usafi, ambaye zamani naye alikuwa mgawa maji, akasimama mlangoni na ufagio wake akasema, "Mbona yale yanarudi nyuma?" Alikuwa sahihi. Sasa tuko wanne, wote watu wa mifereji.

Ramani ikasema kwa ile sauti yake isiyochoka: "Bawabu: kwapa la kushoto, tezi ya tatu. Uhakika, asilimia tisini na saba."

Nikaanza kutembea. Sisi hatuanzii mwisho. Tunaanzia kwenye banio, pale maji yanapochepushwa, tunafuata mpaka yanapoishia. Banio lilikuwa uvimbe. Nikaufuata mkondo wa kushoto, hatua moja, mbili, tano. Ulikuwa mnene, mng'avu, na Ndekusura alipovuta pumzi kule chumba cha pili, mkondo ulinenepa. Alipoitoa, ukajikaza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya saba, ukawa mzuri.

Ukawa mzuri mno. Ulikwenda umenyooka, umetulia, mpaka kwenye tezi ya tatu iliyoelea kwenye kona ya ghala, kubwa kama boga. Nikasimama pale pumzi kumi nzima. Kifua chake kiliinuka na kushuka, na ule mkondo haukutikisika hata mara moja. Ramani haivioni vimulimuli vyote. Pale inapovikosa, inajaziliza yenyewe kwa kukumbuka miili milioni mbili iliyokwisha kuiona. Mara nyingi inapatia. Lakini haya hayakuwa maji. Ilikuwa picha ya maji.

Nikageuka nyuma. Na hapo nikauona uzi.

Ulikuwa mwembamba, umefifia. Ulitoka karibu na ile hatua ya saba, ukarudi, ukapita juu ya mfupa wa katikati ya kifua, ukaenda zake kulia. Ramani ilikuwa imeupaka kijivu na kuuandikia "kivuli", maana yake usiujali. Uzi ule ulikuwa unapumua.

"Mzee Nkya," sauti ya Daktari Bhoke ikatoka kwenye spika. "Unakubaliana na Ramani?"

Nikautazama tena ule uzi.

"Bado natembea, Daktari."

"Tembea upesi. Vimulimuli vina dakika arobaini."

Nikakaa chini kwenye saruji, mito ya yule mwanamke ikipita juu yangu.

Nilikuwa nimeshawahi kuuona uzi wa namna ile. Mwaka wangu wa tano, kwa Mwalimu Kileo, aliyekuwa akifundisha kwaya. Alikuwa na doa baya la saratani kwenye mfupa wa bega. Mkondo mkubwa ulikwenda kwapani, na uzi mmoja ukapanda shingoni. Ramani ikasema ni kivuli, na mimi nikakubali, kwa sababu tangu nizaliwe sijaona maji yakipanda mlima. Mwenye digrii asingekosea vile. Lilikuwa kosa la mtu wa mfereji: nilimsoma mtu kama mteremko, nikasahau kwamba mwilini pumzi inayavuta maji kokote inakotaka. Daktari akatoa bawabu wa kwapani, safi kabisa. Mwalimu Kileo akaniletea mkungu wa ndizi kunishukuru. Miezi kumi baadaye shingo ikavimba, na haikuchukua muda akafa. Ule mkungu nilishaula.

Sasa mwanamke huyu alitaka ninyamaze, na kunyamaza ni rahisi. Ramani ingebeba lawama. Mkono ni wake, maisha ni yake. Nani amenipa mimi ruhusa ya kumchagulia? Upande mwingine, kumnyamazia ni kumchagulia pia, tena kwa siri. Niliwaza hivyo na hivyo mpaka kichwa kikauma. Mwishoni nikasema moyoni: hataki kuambiwa. Sawa. Sitamwambia.

*

"Umemaliza?" akaniuliza nilipoingia chumbani kwake. Alinitazama usoni, na nadhani aliona. "Usiseme."

"Sisemi. Inuka twende."

"Wapi?"

"Ndani."

Wagonjwa hawaruhusiwi kuingia ghalani. Wa mwisho aliyeingia alikuwa mchungaji, akaanguka chini akipiga kelele kwamba amekufa na yuko njiani kwenda mbinguni. Lakini kizibao hakina waya, kinarusha nuru popote mgonjwa alipo, na Daktari Bhoke alikuwa ametoka kwenda kunawa. Nikamshika Ndekusura kiwiko, nikamwambia avue kandambili.

Alipita mlango akasimama. Watu wa milingoti hawaogopi vitu vinavyoning'inia hewani, lakini nilisikia pumzi yake ikikatika, na ghala zima likakatika nayo, kila mto, kila lango.

"Hiki chote ni mimi?"

"Hiki ni kifua tu."

Akanyoosha kidole, akakipitisha kwenye nuru. Halafu, ghafla, akacheka. Kicheko kikatikisa nyuzi zote kwa pamoja, kutoka dari mpaka sakafuni, vimulimuli vikaruka malango matatu matatu. Akajiziba mdomo kwa mshtuko. "Yesu wangu. Hata kucheka?"

"Hata kucheka. Hata kikohozi. Hata ukimtukana mtu."

"Nikija kumtukana mume wangu nitakumbuka."

Nikampeleka kwenye uvimbe. Hapo hakucheka. Ulikuwa kama jiwe jeusi ndani ya nuru, haupitishi kitu. Aliutazama kama unavyomtazama mtu aliyeingia nyumbani kwako bila kubisha. Kisha tukaenda kushoto, hatua moja, mbili, tano. Kwenye ya saba akasimama mwenyewe.

"Hapa ni wapi mwilini?"

Alijipapasa chini ya kwapa la kushoto, juu ya kizibao. "Ni hapa," akasema. "Kamba iliniteleza mwaka wangu wa kwanza, ikanila nyama. Kovu lipo mpaka leo, miaka kumi na minane." Akasogea karibu na nuru. Nyuzi zilifika pale kwa wingi, zikagonga kitu kisichoonekana, zikajikunja kama maji yaliyokuta bwawa. Mbele ya kovu ule mkondo mzuri uliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Akavuta pumzi. Akatoa. Akavuta tena, akiutazama.

"Huu haupumui," akasema.

Mimi ilinichukua miaka minne kujifunza hilo. Yeye, nusu dakika. Mtu anayeishi kwa maji hudanganyika kwa shida.

Kisha akageuka, kama nilivyogeuka mimi, na akauona uzi. Aliufuata bila kuniuliza, akainama pale ulipopita juu ya mfupa, akaenda nao mpaka ulipoishia kwenye giza la kulia. Nikamsikia akinong'ona, "Nani kauchimba?"

"Hakuna. Kovu liliziba njia, maji yakakaa, yakatafuta. Mwili ukajichimbia mfereji mwingine. Malango na yote."

"Nikiwa napanda."

"Ukiwa unapanda. Ukiwa umelala."

Halafu akanigeukia kwa hasira. "Nilikuomba unyamaze!"

"Nimenyamaza. Nimesema neno gani?"

"Mjanja mbaya wewe."

"Nimeambiwa."

"Na huenda kweli ni kivuli. Mashine imesema."

"Huenda."

"Wewe una uhakika?"

"Sina. Niliwahi kuwa na uhakika, mtu akafa."

Akafuta uso kwa mkono wa kulia, ule ule. "Kwenu mlikuwa mnafanyaje," akauliza, "watu wawili wakigombania maji yanavujia wapi?"

"Si unajua. Hata kwenu ni hivyo hivyo."

Alijua. Kila mtu wa mlimani aliyepita miaka arobaini anajua. Watu wawili wakibishana maji ya mfereji yanavujia kwa nani, mgawa maji anakwenda kwenye banio, anamwaga pumba za mahindi. Wale wawili wanasimama, kila mmoja mwisho wa shamba lake, wanasubiri. Na sheria ni moja: pumba zikifika kwako, unayepiga yowe ni wewe mwenyewe. Haji mtu kukuangalia. Unapiga yowe linalokuumiza, kwa kuwa unakiri mbele ya jirani yako kwamba maji yasiyo yako yanavujia kwako. Nimewaona watu wazima wakilia baada ya kupiga yowe lile. Asiyelipiga hakupewa zamu ya maji tena maisha yake.

"Usinifanyie mambo ya mfereji," akasema Ndekusura, lakini alikuwa ameshaanza kutembea kwenda upande wa kulia.

*

Daktari Bhoke alitukuta tukiwa tumesimama kwenye ncha mbili za ghala.

"Nani amemwingiza mgonjwa humu?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema Ndekusura wakati ule ule.

"Mmepatana kabisa. Mzee Nkya, nina chumba cha upasuaji kinasubiri, wewe unacheza kombolela?"

Nikamweleza. Kovu, mkondo usiopumua, uzi. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Nilipomwambia azime kujaziliza na kumchoma tone la pili, alitikisa kichwa.

"Nikizima ninabaki na vipande."

"Vya kweli."

"Vipande vya kweli havinionyeshi pa kupasua. Na tone la pili ndilo la mwisho mwaka huu, la tatu linachoma mishipa yake. Ukinipotezea hili, naingia na asilimia tisini na saba ya Ramani, na wewe unarudi kuchimba mitaro."

"Sawa."

Akamtazama Ndekusura. "Na wewe, mama, unaelewa? Likija kulia, nafungua kulia. Wengi hawavimbi. Wapo wanaovimba. Sikuahidi kitu kuhusu mkono huo."

"Sijaomba ahadi, Daktari. Choma."

Alimchoma pale pale akiwa wima. Tone la pili lilikuwa la kijani ili lisichanganyike na la kwanza, na vimulimuli vyake huishi dakika chache tu. Kisha Daktari akarudi ukutani, akabonyeza, na kujaziliza kukazimika.

Ghala likawa giza karibu lote. Lile boga la tezi lililokuwa kando yangu likatoweka kama taa iliyopulizwa, na mkondo mzuri nao. Nilibaki nimesimama kando ya kitu ambacho hakikuwapo. Zilibaki nukta chache tu za manjano huku na huku, kama moto wa shamba uliokwisha kuungua, na katikati, ile nukta ya kijani.

"Pumua kawaida," akasema Daktari.

Kijani kikatoka. Pumzi moja, lango moja. Kilikuja kwangu kwanza, haraka, kikanifanya nishike ukuta. Kikafika kwenye kovu. Kikajaa pale, kikazunguka, kikarudi, kikajaa tena. Nilisubiri. Hakikuvuka. Mbele yangu hapakufika hata kimulimuli kimoja, na nilipiga kelele nikatangaza hivyo, "Kwangu hakuna!", ili naye asikie.

Halafu nukta moja ikajitenga pembeni mwa kovu. Ya pili ikaifuata. Zikaanza kurudi, juu ya titi, kwenda kwenye mfupa.

Sijui nieleze vipi. Nimeona kilele cha Kibo kikiwa na barafu, nikiwa mtoto wa miaka sita juu ya mabega ya baba, na nikadhani sitaona tena kitu kikubwa kama kile. Nimekiona. Zile nukta za kijani zilipanda mfupa wa kifua gizani, moja moja, kila moja ikingoja pumzi ya mwanamke aliyesimama upande wa pili akizitazama zikimjia. Yeye ndiye aliyekuwa akizivuta. Kila alipoishi kidogo, zilisogea.

Zikavuka mfupa. Zilikuwa zimebakiza hatua tatu kumfikia.

Ndekusura akabana pumzi.

Nuru ikasimama.

Watu wanaofanya kazi juu kule wana mapafu. Alisimama amekaza taya, macho yamemtoka, na nukta za kijani zikaning'inia mbele ya lango lililofungwa. Nikamwangalia Daktari Bhoke. Angeweza kusema neno. Alijua vimulimuli vinakufa. Aliniangalia, akatazama saa yake, akaifunika kwa kiganja. Mimi nami sikusema. Tulikuwa watu watatu gizani na hakuna aliyepumua, ila mmoja wetu tu ndiye aliyekuwa na haki ya kufanya hivyo.

Dakika nzima ikapita. Ikaingia ya pili. Nukta mbili za mbele zikaanza kufifia.

Pumzi ikamtoka yote kwa pamoja, kama mtu aliyeangusha mzigo, na alipoivuta tena, kijani kikaruka. Malango matatu, manne, sita, kikamiminika hatua tatu zote, na pale kando ya bega lake la kulia, katika giza ambamo Ramani haikuchora kitu, tezi ikawaka. Ilijaa polepole kutoka chini kwenda juu mpaka ikawa mviringo kamili, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Maji yote yakaingia mle. Upande wa pili hakikutoka kimulimuli hata kimoja. Bawabu alikuwa amevishika vyote.

Ndekusura alimtazama bawabu wake. Uso wake ulikuwa kijani. Nilihesabu pumzi zake, kwa sababu niliziona: moja, mbili, tatu, nne. Kutoka aliposimama Daktari, tezi ile ilifichwa na mwili wa Ndekusura; niliyeiona kutoka mbali ni mimi tu. Angeweza kusema hakuna, nami ningeweza kumwunga mkono.

"YAMEFIKA!" akapiga yowe. "Yamefika kwangu! Kwangu!"

Yowe likaitikisa mito yote. Bawabu akatetemeka mahali pake, na hakuachia kitu.

Daktari Bhoke alipita katikati ya nuru bila kuikwepa, akachungulia ile kona, akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa mahali. Kisha akatoa pamba na spiriti mfukoni, akainua mkono wa kushoto wa Ndekusura taratibu, akakisogeza kizibao, akafuta ule msalaba wa wino. Alisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Natoa mmoja huyu tu," akasema, na sauti yake haikuwa kali. "Akiwa safi, nashona. Asipokuwa safi, nakuja mwenyewe kukwambia, simtumi mtu."

"Njoo bila mahubiri," akasema Ndekusura. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni na hakuyafuta.

"Inua mkono nichore."

Akauinua wa kulia, mwenyewe, juu kabisa, na mto mzima wa kijani ukainuka pamoja nao mpaka darini.